Kompyuta Inahesabu Vidole, Haihesabu Kazi

Kompyuta haijui kama ina kazi. Inajua kama imeguswa. Ukikaa dakika kadhaa bila kubonyeza kitufe wala kusogeza kipanya, inaamini umeondoka. Inazima kioo, inangoja kidogo, kisha inalala. Kwamba ndani yake kulikuwa na faili zito linalopanda kwenda kwenye seva, au video ya harusi ya saa tatu inayotengenezwa, au hesabu za mwaka mzima zinazojumlishwa, hilo halimo kwenye kipimo chake.

Siisingizii. Microsoft wenyewe, katika maelezo wanayowaandikia watengeneza programu, wamelisema bila kuficha: Windows hutambua yenyewe kibodi, kipanya na mtu anayehama kutoka dirisha moja kwenda jingine, lakini shughuli za diski na za prosesa hazimo kati ya zile inazozitambua yenyewe. Yaani prosesa inachemka, feni inavuma, diski inaandika bila kupumzika, na saa ya usingizi inaendelea kuhesabu kana kwamba ofisini hamna mtu. Programu inayotaka mashine ibaki macho lazima iombe. Isipoomba, italazwa kazi ikiwa mkononi.

Ushauri wa mafundi wengi ni mmoja: ingia kwenye mipangilio, iambie kompyuta isilale kabisa, yaishe. Nimeusikia mara nyingi na sikubaliani nao, ingawa nitakiri kwamba siku ya dharura unafaa. Usingizi wenyewe hauna kosa. Swali langu ni nani aliyepewa madaraka ya kuamua kwamba kazi imekwisha, na anatumia kipimo gani kuamua.

Kipimo hicho hakikutungwa kwetu. Mwaka 1992 Shirika la Marekani la Kulinda Mazingira, EPA, lilianzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kuibeba zilikuwa kompyuta na vioo vyake. Sharti lilikuwa kwamba mashine isipotumika ijishushe yenyewe mpaka wati 30 au chini ya hapo. Aprili 1993 Rais Bill Clinton akatoa amri kwamba ofisi za serikali ya shirikisho zinunue kompyuta zenye sifa hiyo. Hakuna kiwanda kinachopenda kumkosa mteja wa ukubwa huo, kwa hiyo usingizi ukawa sehemu ya karibu kila kompyuta iliyotengenezwa. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa kanuni za pamoja ziitwazo ACPI, ambazo ziliupa mfumo endeshi kauli ya mwisho juu ya nani alale, kwa kina gani, na lini.

Waliotumia kompyuta za mtumba zilizotoka Ulaya na Marekani miaka ile wataikumbuka alama yenyewe. Ukiwasha tu, kabla hata ya Windows kujitokeza, pembeni kulia juu ya kioo cheusi inatokea nyota na maandishi ya EPA yanayoitangaza mashine kuwa mzuiaji wa uchafuzi. Wengi walidhani ni nembo ya kiwanda. Ilikuwa sera ya umeme ya Marekani, imeshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa ndani ya kontena, ikapangwa juu ya meza zetu na kuendelea kutekelezwa.

Sera hiyo ilikuwa na akili. Iliwalenga watu wanaoondoka ofisini jioni na kuacha kompyuta zinawaka hadi asubuhi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kwenye majengo yenye maelfu ya mashine. Na sisi tunaoingiza namba za LUKU kwenye mita kila mara hatuhitaji kufundishwa thamani ya uniti. Lakini ndani ya sera hiyo mlikuwa na dhana tatu ambazo hakuna aliyetuuliza kama tunazikubali: kwamba umeme upo siku zote, kwamba kazi hufanyika mchana, na kwamba mtu akiinuka kwenye kiti, kazi nayo imeinuka.

Hiyo ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi. Kazi nzito za kompyuta hapa kwetu hufanyika usiku. Mchana mtandao umejaa watu na bando ni ghali. Usiku kuna bando la bei nafuu na njia ni nyeupe. Kwa hiyo mwanafunzi au mwandishi au fundi anaweka faili lipakuliwe, anajifunika shuka. Laptopu inaona hakuna vidole, nayo inajifunika. Simu iliyokuwa ikigawa intaneti ina usingizi wake pia: simu nyingi, zikiona hakuna kifaa kilichounganika kwa dakika kadhaa, hufunga hotspoti zenyewe ili kuokoa betri. Mmoja akilala, mwenzake anafunga mlango. Asubuhi unakuta asilimia kumi na kitu tu za faili zimeshuka, na bando la usiku limepitwa na saa zake.

Ndiyo maana watu wamebuni dawa zao. Kijana mmoja anayehariri video za harusi Kariakoo alinionyesha ya kwake bila aibu yoyote. Wakati wa kuirenda video, kama wenyewe wanavyosema, yaani kuitoa ikiwa faili kamili, anafungua YouTube kwenye kona ya kioo, anaweka taarabu ndefu, anaondoa sauti, anaondoka. Taarabu inaimba kimyakimya mpaka alfajiri na mashine haifumbi jicho. Nikamuuliza kwa nini inafanya kazi. "Mzee, mi sijui, ila inafanya," akanijibu, huku akipokea simu ya bibi harusi aliyetaka video yake tangu juzi. "Dada yangu, ipo kwenye mashine, hii hapa inamalizika."

Inafanya kazi kwa sababu kivinjari kinachochezesha video huiomba Windows isizime kioo wala kulala hadi video iishe. Yaani programu ya kuhariri ya kijana yule, iliyokuwa na kazi ya kweli, ilinyamaza. Kivinjari chenye taarabu isiyosikika ndicho kilichosema. Mashine ikamsikiliza aliyesema.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Kipanya cha kisasa hutazama meza kwa mwanga. Ukikiweka juu ya kioo cha saa ya mkono yenye mishale, ule mshale wa sekunde unaopita chini yake unatosha kukifanya kiamini kwamba kimesogezwa. Mbinu hii inajulikana dunia nzima na gharama yake ni saa tu. Nakiri inanifurahisha. Lakini ukiitazama vizuri ni kichekesho kilichopinduka: binadamu anadanganya mashine kwamba kuna mkono, ili mashine ifanye kazi ambayo tayari ilikuwa inaifanya.

Ofisini udanganyifu huo huvaa sura nyingine. Ingia kwenye ofisi ya shule, duka la jumla, saccos au zahanati yenye kompyuta nne tano. Pembeni, mara nyingi chini ya meza, ipo moja kuukuu kuliko zote, haina hata kibodi, na juu ya soketi yake imebandikwa karatasi kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai: USIZIME. SEVA. Ile karatasi ndiyo ulinzi wote. Imeandikwa kwa ajili ya mama wa usafi anayetafuta pa kuchomeka birika, kwa ajili ya mlinzi anayepita kuzima taa, kwa ajili ya mgeni mwenye chaja. Imewaonya binadamu wote wa jengo lile. Mashine yenyewe hakuna aliyeiambia. Mipangilio yake ni ile iliyokuja nayo kutoka dukani, inayoiona kuwa kompyuta ya kawaida ya mtu mmoja, na hakuna anayeigusa kwa sababu haina kibodi. Kisha keshia anapiga kelele kwamba mfumo umegoma, fundi anaitwa kwa bodaboda, anakuja, anabonyeza kitufe kimoja, inaamka, analipwa elfu ishirini.

Hapo siwezi kumlaumu fundi, maana naye ana njaa. Lakini mashine iliyopewa kazi ya seva ingepaswa siku ile ile ya kufungwa iambiwe kwamba yenyewe si ya kulala. Kazi ya dakika mbili.

Nisimame kidogo kwenye jambo ambalo watu hulichanganya, kwa sababu mkanganyiko huo ndio unaowafanya wachague dawa kali isiyohitajika. Kioo kuzimika si usingizi. Kazi inaendelea nyuma yake kama kawaida. Kioo kujifunga na kudai nywila nacho si usingizi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L, ondoka, na kila kilichokuwa kikiendelea kitaendelea, mradi mashine yenyewe haijalala. Usingizi wenyewe ni pale prosesa inaposimama na kubaki umeme kidogo tu wa kuishikilia RAM, ile kumbukumbu ya muda. Hapo upakuaji umekatika na hesabu zimesimama, ingawa barua uliyokuwa ukiandika bado ipo ukiamsha. Umeme ukikatika wakati huo kwenye kompyuta ya mezani, hata hiyo barua inaweza kwenda nao. Halafu upo usingizi mzito zaidi, ambapo RAM yote inanakiliwa kwenye diski na mashine inazimika kabisa. Huo hauogopi umeme kukatika. Windows za tangu Vista zina njia ya tatu inayochanganya zote mbili kwa kompyuta za mezani, na naiona ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote kwa nchi zenye mgao wa umeme.

Mhasibu anayeogopa kufunga kioo kwa sababu "mfumo utakatika" anaacha mishahara ya watu wazi mezani bure. Angeweza kufunga kioo na kazi ikaendelea. Na mwenye laptopu aliyeiambia isilale kabisa, hata ikifunikwa, ataitia kwenye begi ikiwa inawaka, apande daladala, na akifika Mbagala ataitoa ikiwa ya moto kiasi cha kuchoma paja, betri imekauka. Ndiyo sababu dawa ya "isilale kamwe" siipendi: inaondoa kipimo kibovu bila kuweka kingine mahali pake.

Kipimo kizuri kipo, na hakina gharama. Kwenye kompyuta za Apple ipo amri iitwayo caffeinate, iliyokuja na mfumo wa mwaka 2012. Unaitanguliza mbele ya kazi yako: mashine inabaki macho mpaka kazi ile iishe, kisha inarudi kwenye utaratibu wake. Linux nyingi zina systemd-inhibit inayofanya vivyo hivyo. Microsoft nao wanatoa bure, ndani ya mkoba wa zana uitwao PowerToys, kijiprogramu kinachoitwa Awake. Unakiambia muda wa saa mbili, au mpaka nitakapokuambia, na mipangilio yako ya kawaida haiguswi. Na ukitaka kujua usiku huu nani ameomba mashine isilale, fungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi, andika powercfg /requests, utaonyeshwa majina. Kijana wa Kariakoo angeliona jina la kivinjari chake pale, na pengo mahali ambapo programu yake ya kuhariri ingepaswa kuwa.

Lakini hayo ni ya mtumiaji, na mimi sitaki mzigo umwangukie mtumiaji. Wa kwanza kuulizwa ni anayeandika programu. Maelezo yale ya Microsoft niliyoyataja yanasema wazi kwamba seva za faksi, mashine za kupokea simu na programu za nakala rudufu lazima zitoe ombi hilo zinapofanya kazi. Mifano inachekesha siku hizi. Faksi nani anayo? Ila kanuni haijazeeka. Ni mwito mmoja mwanzoni mwa kazi na mwingine mwishoni. Vijana wetu wanaoandika mifumo ya hospitali, ya shule, ya maduka ya dawa, wanajua kuchora kurasa nzuri zenye rangi. Ningependa kuona wangapi, pale mfumo wao unapoanza kupakia rekodi za mwezi mzima, wanaiambia mashine ingoje.

Kuna usumbufu mwingine mkubwa kuliko usingizi, nao ni mashine kujizima ili ijisasishe. Aprili 2016 mtangazaji wa hali ya hewa wa kituo cha KCCI huko Des Moines, Iowa, alikuwa hewani akionyesha mvua kwenye ramani, na katikati ya ramani likafunguka dirisha la kumpendekezea ahamie Windows 10. Yeye alilifanyia mzaha. Mama mmoja mwenye wakala wa usafiri Sausalito, California, hakucheka: kompyuta yake ya kazi ilijaribu kujihamisha bila ridhaa yake, ikashindwa, ikawa nzito na kukwama, akaenda mahakamani, na mwaka huo huo wa 2016 Microsoft wakaishia kumlipa dola 10,000. Miezi michache baadaye Windows ikapata kitu kinachoitwa saa za shughuli, muda ambao mashine haitajiwasha upya yenyewe. Mwanzo ulikuwa usiozidi saa 12, baadaye 18. Na muda uliowekwa tangu kiwandani wakati ule? Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ofisi ya Mmarekani tena. Usiku, ambao kwetu ndio wakati wa bando na wa kurenda, ulihesabiwa kuwa wakati wa bure wa mashine kujifanyia mambo yake.

Wapo wanaojibu kwa kuzima masasisho yote moja kwa moja, na kuna mafundi wanaotoza hela kwa huduma hiyo. Nao wanakosea, tena vibaya. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza, zikashindwa kupokea wagonjwa. Kinga yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Mashine zilizoumia kwa wingi ni zile ambazo kwa sababu moja au nyingine hazikusasishwa. Saa za shughuli zibadilishwe zifanane na saa zako, sasisho lipewe wakati wake, Jumapili mchana kwa mfano. Nani alisema lazima iwe usiku?

Sasa turudi kwenye vidole, maana kosa hili la kuhesabu vidole badala ya kazi halikuishia kwenye mashine. Limepanda hadi kwa mabosi, ingawa kisa chake kinaanzia kwa wapelelezi.

Tarehe 1 Oktoba 2013, kwenye maktaba ya mtaa wa Glen Park, San Francisco, maofisa wa FBI walikuwa wakimnyemelea Ross Ulbricht, aliyeendesha soko la siri la mtandaoni la Silk Road. Diski ya laptopu yake ilikuwa imefungwa kwa usimbaji. Akiifunika tu, ushahidi umepotea. Wakapanga mwanamume na mwanamke wazozane nyuma yake. Alipogeuka kutazama, mpelelezi mwingine akaichukua laptopu ikiwa wazi, na tangu hapo kazi ya ofisa mmoja ilikuwa kuhakikisha haisinzii: kuigusa, kuisogeza, kuigusa tena, mpaka ichunguzwe. Kwa ajili ya shughuli za namna hiyo kulikuwapo tayari vijikifaa vya kuchomeka USB vinavyojifanya kipanya na kukisogeza kidogo kila mara, vilivyouzwa kwa wapelelezi wa makosa ya kompyuta. Ulbricht alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2015, akasamehewa na Rais Trump Januari 2025.

Vijikifaa vile vile vilipata soko jipya watu walipoanza kufanyia kazi nyumbani. Programu za ofisini zilionyesha kitone cha kijani mtu anapogusa kibodi na cha njano asipogusa, na mabosi wakaanza kusoma vitone. Wafanyakazi nao wakanunua vijikifaa. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi, kwa madai kwamba waliigiza shughuli za kibodi ili waonekane wanafanya kazi.

Wengi walisoma habari ile kama hadithi ya wavivu walioumbuka. Huenda wengine walikuwa wavivu kweli. Mimi nilijiuliza kitu kingine: benki yenye kompyuta zote zile ilishindwaje kujua, kwa kutazama kazi iliyotoka, nani anafanya na nani hafanyi, hadi ikahitaji kutazama kibodi? Kama kazi ya mtu inaweza kuigizwa na kijikifaa cha dola chache, na bosi asigundue mpaka mkaguzi wa kibodi amwambie, basi bosi hakuwa akisoma kazi.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Vijana wengi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaishi kwa kazi za mtandaoni. Anayelipwa kwa saa kupitia Upwork, kwa mfano, anaendesha programu inayogawa muda wake katika vipande vya dakika kumi. Katika kila kipande inapiga picha ya kioo chake na kuhesabu mibonyezo ya kibodi na ya kipanya. Mteja wa Toronto anaona takwimu hizo. Mfasiri anayesoma sentensi ngumu kwa dakika nane kabla ya kuandika neno anaonekana kama aliyelala. Anayeandika upuuzi upesi anaonekana hodari. Najua watu wanaogongagonga kipanya huku wakisoma, kama anayetikisa mguu barazani asisinzie kwenye mkutano wa ukoo, ili tu kipande chao kisionekane kitupu. Kufikiri, kama diski na prosesa, hakumo kati ya shughuli zinazotambuliwa.

Na mifumo ya mtandaoni tunayojazia fomu ina ugonjwa uleule, pengine mkali zaidi. Seva haikuoni unapoandika. Inakuona unapobofya kitu kinachokwenda kwake. Ukikaa nusu saa ndani ya kisanduku kimoja ukitunga maelezo ya kwa nini upewe ufadhili au kazi, wewe unatoka jasho na seva inahesabu kwamba umeondoka. Unabofya "tuma", unaambiwa muda wako umekwisha, ingia upya. Ukiingia, kisanduku ni cheupe. Mtumishi wa serikali, mwombaji wa ajira, mzazi anayejaza fomu ya mtoto, kila mmoja amewahi kukutana na ukurasa huo, na wengi wamejifunza kuandika kwanza kwenye programu nyingine kisha kunakili, kama wanavyojifunza kuruka shimo la barabarani lisilozibwa.

Dawa yake imeandikwa zamani. Miongozo ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, toleo la mwaka 2008, inasema, kama njia mojawapo, mwenye kutumia ukurasa wenye ukomo wa muda aonywe kabla muda haujaisha, apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi kama kubonyeza kitufe kimoja, na aweze kuuongeza angalau mara kumi. Katika kiwango chake cha juu zaidi inataka kwamba hata akilazimika kuingia upya, alichokuwa ameandika akikute. Miongozo hiyo ilitungwa kwanza kwa ajili ya watu wenye ulemavu, wanaohitaji muda zaidi, lakini kwenye intaneti inayokatika kila mtu anahitaji muda zaidi.

Maana hapo ndipo tunapofika kwenye ile dhana ya kwanza, ya umeme usiokatika. Hata ukiipa kompyuta kahawa zote za Bukoba, umeme ukienda, umeenda. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikosa stima, na Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki gizani. Aprili 2024 gridi ya Tanzania nayo ilianguka, muda mfupi tu baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha. Kwa hiyo uzalishaji ukiongezeka tatizo linapungua lakini haliondoki. UPS ya kawaida ya mezani inakupa dakika chache. Imetengenezwa ili uhifadhi na kuzima kwa heshima, si ili uendelee kuchapa risiti. Na tafadhali ondoa printa ya leza kwenye UPS hiyo, kwa sababu inapopasha moto hufyonza umeme mwingi kwa mkupuo, na kile kilio unachokisikia ni UPS ikikuambia haiwezi. Nafasi hiyo mpe ruta. Laptopu ina betri yake. Ruta haina, na kompyuta iliyo macho bila ruta haipakii kitu.

Lakini ninachokitaka zaidi ya mashine isiyolala ni kazi inayoweza kulala na kuamka. Kuna mfano mmoja unaoniuma kila nikiukumbuka. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, ndani ya Windows ipo huduma iitwayo BITS, inayobeba mafaili nyuma ya pazia. Mtandao ukikatika, inangoja. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, inaendelea pale ilipoishia, haianzi upya. Na Microsoft waliitumia kubebea nini? Masasisho ya Windows. Yaani lile sasisho linalokuja kukuzimia mashine katikati ya kazi lenyewe limelindwa lisipoteze hata kipande kidogo likikatizwa. Ujuzi upo zaidi ya miaka 20. Aliyeutumia aliutumia kwa mzigo wake mwenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa na taasisi inayotaka kutengenezewa mfumo, nitaomba iongeze mistari mitatu kwenye hati ya zabuni, kabla ya rangi na nembo. Kwanza, mfumo uhifadhi kinachoandikwa kila baada ya muda mfupi bila kusubiri mtu abofye. Pili, faili lililokatika likipakiwa liendelee pale lilipoishia. Tatu, siku ya kupokea mfumo, mbele ya kamati, mtu achomoe waya wa umeme katikati ya kazi, auchomeke tena, na malipo ya mwisho yategemee kinachoonekana kwenye kioo. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu. Mama wa usafi anaweza kulifanya.

Na ningeanza na mifumo yenye siku ya mwisho: mikopo ya wanafunzi, nafasi za ajira, ritani za kodi. Usiku wa siku hiyo steshenari na saiba zimejaa watu waliosimama nyuma ya kiti kimoja, kila mmoja na flashi yake mkononi, na kijana anayewajazia ana mashine tatu, mtandao mmoja na UPS moja inayolia. Anayekatikiwa pale saa tano na nusu usiku haambiwi ajaribu wiki ijayo. Anasubiri dirisha la mwaka unaofuata.